Kubingirika Macho Wazi

Kila kitu kilianzia kwenye pumba na kilifia humohumo, kwa hiyo ngoja nianze nazo.

Nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara kuna kilima cha pumba. Mpunga unamiminwa juu, mchele unatoka mbele, na maganda yanatemwa nyuma kwa bomba, yanarundikana msimu mzima mpaka yanafika nusu ya ukuta. Wachoma matofali huja kuyazoa, lakini hawayamalizi. Mtoto aliyekulia karibu na mashine hahitaji godoro wala mwalimu wa sarakasi. Anapanda ukutani, anajirusha, anapiga samasoti hewani, anatua kwenye pumba na kuzama hadi kiunoni. Anatoka mwili mzima ukimwasha, anapanda tena. Mimi nilijua samasoti ya mbele, ya nyuma na ya ubavu kabla sijajua kusoma vizuri, na sisemi hivyo kwa majivuno. Watoto wote wa mashine tulikuwa hivyo.

Mama yangu alikuwa anapeta mchele kwenye mashine hiyo. Alikaa ametupa mgongo, ungo mikononi, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi, na mpaka leo sijui alikuwa anatuonaje. Kila miguu ya mtu ilipoacha ukuta, sauti yake ilifika: "Fumba macho! Fumba mdomo!" Ganda la mpunga ni dogo, lakini lina ncha kali. Pembeni yake alikaa jirani yetu mmoja, mama wa makamo, akichambua mchele. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe. Ganda liliingia, akalipikicha, basi. Mama alimfanya somo letu bila haya yoyote, na yule jirani wala hakukasirika, alicheka tu.

"Mnamwona mama yenu huyu?" Mama alituambia. "Jicho halina spea."

Tukawa tunafumba. Hatukuiona kuwa ni tabia, kama vile mtu asivyoona kwamba anakunja vidole vya miguu akipita kwenye tope. Miguu ikipita juu ya kichwa, macho yanafungwa, mdomo unabanwa, na vinafunguka ukishatua. Mama alifanya kazi yake vizuri. Katika sisi tuliokulia kwenye kilima kile, hakuna hata mmoja aliyeumia jicho utotoni.

Samasoti zile zilinipeleka mbali. Nilijiunga na kikundi cha sarakasi kilichokuwa kinaonyesha kwenye hoteli za watalii, tukazunguka, tukaishia pwani ya Kenya. Jirani na hoteli moja kulikuwa na watu wanaowarusha watalii kutoka kwenye ndege kwa parachuti. Kikundi chetu kilipovunjika, kama vinavyovunjika vyote, niliomba kazi pale. Nikafundishwa kukunja parachuti. Ni kazi ya kupiga magoti mchana kutwa na kukunja kitambaa kwa adabu, maana ukikunja ovyo kuna mtu atakufa. Nafasi ikibaki kwenye ndege, wakunjaji tuliruhusiwa kupanda na kuruka. Wenzangu wengine hawakuwa na haja nayo. Mimi sikuacha hata moja inipite.

Niliruka miaka kadhaa hivyohivyo, kwa nafasi za kubahatisha, mpaka nikaruhusiwa kuvaa vazi la mabawa. Hapa mtaani nimechoka kulieleza, lakini nitalieleza mara ya mwisho. Ni ovaroli yenye kitambaa kati ya mkono na ubavu, na kingine katikati ya miguu. Ukiruka kutoka kwenye ndege upepo unaingia kwenye matundu yake, kitambaa kinajaa na kukakamaa, na badala ya kudondoka kama gunia unasonga mbele. Mwisho wa yote unafungua parachuti kama kila mtu. Hilo ndilo la kwanza. Anayejua zaidi anaweza kugeuka akaruka chali, mgongo ukiangalia chini. Anaweza kubingirika kama gogo linalosukumwa mtelemkoni, mara moja au mara mbili, kisha akaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenda mbele nilikuwa nimeshajua. Nilichotaka mimi ni kubingirika.

Watu huniuliza nilitaka nini huko, na wanauliza kwa sauti ile ya kumuuliza mlevi kwa nini amelala mtaroni. Jibu ninalo, ila ni la kitoto. Tulipokuwa wadogo, mpunga ukianza kutoa maziwa, Mama alituhamishia shambani ng'ambo ya mto tukaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Unakaa juu ya dungu na mawe ya tope na kombeo, unapiga kelele. Ndege wakija wanakuja maelfu, wanageuka wote kwa pamoja, matumbo juu, migongo juu, matumbo juu tena, na hakuna anayemgonga mwenzake. Mimi nilisahau kupiga kelele. Niliduwaa, mdomo wazi, wao wakila. Nilichapwa kwa ajili hiyo, tena kwa haki kabisa, maana kilicholiwa ni chakula chetu. Lakini nikiwa nachapwa bado nilikuwa nawaona wanavyogeuka.

Mwalimu wangu wa mabawa alikuwa mama mmoja wa kizungu mwenye mvi, mkali, asiye na maneno mengi. Alinilaza kifudifudi kwenye ubao wenye magurudumu na kunifundisha mikunjo yote chini kabla hatujaenda juu. Unakunja bawa la kulia, unapitisha macho juu ya bega la kulia, unautafuta mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Mstari unazunguka, macho yanaushikilia, mwili unafuata. Ukiona mstari umekaa sawa tena, unafungua bawa. Alilirudia hilo mpaka nikaota nalo: mwili unakwenda yalikokwenda macho.

Mara ya kwanza tuliporuka kwa ajili hiyo, yeye alikaa ubavuni kwangu hewani, karibu kiasi cha kumwona meno. Akanipa ishara. Nikakunja bawa, nikaanza kugeuka, na kilichofuata sikielewi hadi leo. Nilijikuta nazunguka chali kama kifuniko cha sufuria kilichodondoka sakafuni, damu imejaa kichwani, sijui juu wala chini. Nikavuta parachuti katika hali hiyohiyo. Ilifunguka kamba zikiwa zimesokotana, zikachukua muda kusokotoka, nikatua kwenye shamba la mihogo la mtu.

"Unafumba macho," mwalimu alisema nilipofika.

Nikakataa. Nilikataa kwa hasira, nikamwambia mimi nimepinduka tangu nikiwa mtoto, nianze kufumba macho leo? Hakubishana. Alikuwa na kamera kwenye kofia yake. Akanionyesha. Bawa linakunjwa, bega linapita, na pale hasa macho yanapotakiwa kuutafuta mstari, uso wangu ndani ya miwani unajikunja wote: macho yamebanwa, mdomo umebanwa. Miwani ninayo, pumba hakuna, chini ni bahari tupu, na mimi nimefumba. Niliitambua sura ile mara moja. Alikuwa mtoto wa mashine.

Tulijaribu tena, na tena. Kila nilipotua nilimwambia safari hii nimefumbua, na kila mara picha ilinisuta. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kuzunguka kwenyewe. Mtu akifumba kwa nukta moja hajui kwamba amefumba, anadhani aliona. Mwisho mwalimu aliniita pembeni. Akasema hanifundishi tena mpaka niache, kwa sababu hataki kuja kuniokota. Akasema amebakiza msimu mmoja pale, kisha anarudi kwao moja kwa moja. Masika yanaanza, shughuli zinasimama. Niende nikafanye mazoezi ya kupinduka mahali laini mpaka macho yajifunze upya, nirudi mvua zikiisha. Nikirudi nimeacha, ataniongoza mpaka nibingirike. Nisipoacha, basi.

Duniani ninapajua mahali laini pamoja tu: nyuma ya mashine.

Mvua ilinipokea tangu Kiberege, kabla sijafika Ifakara. Nilifika nyumbani nimelowa, Mama akaitikia shikamoo yangu, akanipa kitenge nijifute, akasonga ugali kwanza ndipo akaniuliza nimekuja kufanya nini. Alikuwa amezeeka, lakini mashineni alikuwa bado anakwenda msimu wa mavuno. Nilimweleza yote. Nilimwonyesha na ile picha kwenye simu. Aliishika simu mbali na uso wake, akaitazama, akairudisha.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Siyo wewe, Mama."

"Sasa ni nani mwingine aliyekuwa anawapigia kelele?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ningejibu asingesikia.

Mpunga ulipovunwa na mashine zikaanza kunguruma, kilima kikaanza kuota upya nyuma ya ukuta. Mwenye mashine alinikubalia, akacheka mpaka akakohoa. Wapakiaji wa magunia, vijana wa siku hizi, wakanipa jina siku ileile. "Oya, rubani! Leo unatua saa ngapi?" Nilitandika turubai juu ya pumba, lile la kuanikia mpunga, nikavaa miwani yangu ya kurukia, nikapanda ukutani mtu mzima na ndevu zangu.

Lakini nani atajua kama nimefumba? Mimi mwenyewe sikuaminika. Mama ndiye aliyelitatua. Alisimama ng'ambo ya kilima, kitu kimefichwa ndani ya kitenge. Miguu yangu ikiacha ukuta anakiinua juu, nikitua amekificha, nami niseme kilikuwa nini. Ukijua umeona. Usipojua umefumba.

"Nini?"

"Sufuria!"

"Uongo. Mwiko. Panda tena."

Tulifanya hivyo kila jioni akimaliza kupeta. Kuna siku alikuja na kuku wetu jike, akamwinua, yule kuku akapiga ukelele, nami nikajibu "kuku" kwa ushindi. Mama alimkasirikia kuku kwelikweli, akamwambia ameharibu mtihani. Wapakiaji walilala chini kwa kicheko. Kuna siku nilipata majibu manne mfululizo nikaanza kushangilia, yeye akanikata: "Unabahatisha. Nyumba yetu haina vitu vingi." Kweli nilikuwa nabahatisha, bila hata kujijua. Kutoka siku ile akawa anaazima vitu kwa majirani, na majibu yangu yakarudi kuwa bure kabisa.

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia mwili wangu majuma yale. Mkono ukikosea unauona, unaufunga kamba. Ukope utaufunga na nini? Nilikwenda ukutani nimejiapiza, nimeyatoa macho kama chura, nikapinduka, nikatua, na sikuwa na habari Mama alishika nini. Kina mama wa Jumuiya ya kanisani kwetu walisikia, wakaniita na kuniombea. Mmoja aliuliza kwa upole kama haitakuwa vizuri nimwone padri kabla ya daktari. Walinipenda, hilo najua. Lakini nilitoka pale nikiwa mnyonge zaidi, maana nilijua Mungu ana kazi nyingine nyingi.

Ikafika mahali nikaacha kwenda mashineni. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba ndege imeanza kuruka na anaulizia macho yangu. Sikumjibu. Nilikaa nje ya nyumba, mgongo ukutani, chakula kikiletwa nakigusa tu. Mama alipita mbele yangu akienda, akapita akirudi, hakusema neno. Kwa kawaida Mama akikaa kimya ujue anaamua jambo.

Siku moja alinijia asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Akasema twende. Tulipofika kwenye kilima, alishika pindo la turubai akalivuta lote, akalikunja, akalikalia.

"Panda," akasema.

"Mama, hapo ni pumba tupu."

"Ulijifunzia kwenye turubai? Dawa ya moto ni moto. Na hiyo miwani ivue. Imejaa vumbi na jasho, siyaoni macho yako."

Nikamtazama. Yule jirani wa jicho jeupe alishafariki zamani, lakini nilikuwa kama namwona amekaa pale na ungo wake.

"Jicho halina spea," nikamwambia.

"Najua nilichosema," akajibu. "Nilikufundisha mimi, nitakufundua mimi. Panda, baba."

Nikapanda. Nilimpa miwani yangu, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Asubuhi ile kulikuwa kumetulia, milima ya Udzungwa imejitenga na ukungu, pumba zimelowa umande juu. Nikajirusha. Sijui kilichotofautiana. Labda ni kwa kuwa sauti iliyokuja safari hii, kutoka koo lilelile lililonipigia kelele utoto mzima, ilisema: "Fumbua macho!" Kope zilitetemeka. Nilizisikia zikitetemeka. Halafu nikaona. Niliona ukuta ukipita, nikaona mbingu ikiingia chini ya miguu yangu, nikaona milima imening'inia kichwa chini na mstari wake wote umenyooka, na Mama naye kichwa chini, ameinua kitu chekundu.

"Ndoo!" nilipiga kelele kabla hata sijatua, na kwa kuwa nilikuwa napiga kelele nikatua mdomo wazi na macho wazi, nikazama kwenye pumba mpaka kifuani.

Alikuwa amepiga vigelegele tayari. Mama yangu, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa anaruka pale chini na ndoo ya jirani mkononi. Nilitema maganda, nikajifuta uso kwa kiganja, nikapanda tena. Kikombe. Ndoo. Ndala. Ungo. Sikukosa hata kimoja, na hakuna nilichobahatisha, nilikuwa naona. Wapakiaji walipofika walinikuta bado napanda, wakaacha kunitania wakakaa kutazama. Jicho la kulia lilikuwa linawasha. Mwili mzima ulikuwa unawasha. Nani angejali? Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata angani, na nimejaribu tangu siku hiyo kuijutia nimeshindwa.

Jioni jicho lilianza kutoa machozi. Mama alilifunua, akapuliza, akalisafisha kwa maji, akatoa ganda moja kwa ncha ya kanga. Kesho yake lilikuwa jekundu. Akaenda kumwomba jirani anayenyonyesha matone ya maziwa yake, akanidondoshea, kama walivyofanya kwao siku zote. Halikupoa. Nikaenda duka la dawa, nikasema jicho jekundu, nikapewa matone, na matone yale yakafanya kazi ajabu. Wekundu ulipungua, maumivu yakapungua, nikamwandikia mwalimu kwamba nimeacha kufumba na nakuja. Alinijibu kwa neno moja la furaha. Nikaanza kufungasha.

Maumivu yalirudi nikiwa nakunja nguo. Nilipojitazama kwenye kioo nikaona kidoa cheupe katikati ya jicho, kidogo kama punje ya chenga.

Hospitali daktari alinimulika kwa taa yake muda mrefu. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia, akauliza sasa pumba zimeingiaje kwenye kazi ya angani, nikamweleza, akaweka taa chini. Alisema maganda ya mpunga hubeba fangasi, na ganda likichubua kioo cha jicho fangasi wanaota humo kama mbegu. Aliuliza nilitia dawa gani. Nilipomwonyesha ile chupa ya dukani alifumba macho kidogo. Dawa ile, alisema, ilikuwa inapoza wekundu huku inawalisha fangasi. Hakunikaripia. Alinipeleka Morogoro, kule wakanipa dawa nyingine, nikatia saa kwa saa, mchana na usiku, na jicho likapona. Ndivyo walivyosema, limepona. Halina maumivu, halitoi machozi. Limebaki na kovu jeupe katikati, na kupitia kovu hilo naona kama mtu anayetazama kupitia maji aliyooshea mchele.

Mwalimu nilimwandikia ukweli. Alikaa siku kadhaa ndipo akajibu, na jibu lake lilikuwa refu kuliko maneno yote aliyopata kuniambia. Alisema huenda siku moja nikaruhusiwa kuruka na parachuti ya kawaida, lakini mabawa, na kubingirika pembeni ya mtu mwingine hewani, kwa jicho moja siwezi kupima umbali, na yeye hawezi kunipeleka huko. Alisema pia kwamba anaamini nilifumbua. Msimu wake uliisha, akaondoka kurudi kwao. Vazi nililokuwa nalitumia lilikuwa la kwake, sasa sijui analo nani.

Mimi nipo hapa. Nawasaidia wapakiaji kushona midomo ya magunia, kazi isiyohitaji macho mawili. Wameacha kuniita rubani. Ningependa waendelee, lakini huwezi kumwomba mtu akutanie. Wakati mwingine ndege ndogo inatua uwanjani hapa mjini, inapita chini juu ya mashine, na wote hujifanya hawajaisikia kwa ajili yangu. Watu wema wananiambia Mungu hamtupi mja wake, bado nina uhai, bado nina jicho moja. Sibishani nao. Ila sina ninachokisubiri tena, na nimegundua kwamba mtu anaweza kula, kulala na kwenda Misa bila kusubiri chochote.

Na macho yangu sasa yamejifunza. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Juzijuzi, mashine zikiwa zimezimwa, nilipiga samasoti kwenye turubai, moja tu, na niliona kila kitu, upande mmoja safi, upande mmoja maziwa. Sikufumba. Sidhani kama nitafumba tena maishani.

Mama hazungumzii. Alirudisha ndoo ya watu, akanirudishia miwani yangu baada ya kuifuta kwa sabuni. Nimejaribu kumwambia si yeye, lakini tangu ile mara ya kwanza, siku ya mvua, neno hilo halina nguvu tena kati yetu. Kimya chake kimebadilika. Zamani alikaa kimya akiamua jambo, sasa hakuna jambo. Mara nyingi namkuta ananitazama jicho, akiona nimemwona anajifanya anatazama kuku.

Jana jioni tulikuwa uani, yeye kwenye kigoda, mimi kizingitini. Akaniambia ghafla, "Hebu lifunike hilo zima."

Nikalifunika la kushoto kwa kiganja. Ua likageuka weupe mtupu, na ndani ya weupe kitu cheusi kidogo ambacho kilikuwa yeye.

"Nimeshika nini?"

Nilikodoa. Kile cheusi kilisogea, kikapanda juu kidogo. Nilijua alikuwa ananisubiri, na nilijua alichokuwa anakiomba. Nyumba yetu haina vitu vingi.

"Ungo," nikasema.

Kile cheusi hakikushuka.

"Umepata," akasema. "Si unaona? Linarudi hilo, baba. Polepole linarudi."

Nikaondoa kiganja. Mikono yake ilikuwa bado juu, mitupu, vidole vimetanuka, na ungo ulikuwa umeegemea ukuta wa jikoni mahali pake pa siku zote. Aliishusha mikono taratibu mapajani, akanitazama akisubiri niseme kitu, nami nikafumba macho.